Kwa Kijana Mwenye Mgonjwa wa Miguu Minne



Nasema na ninyi, wajukuu zangu, mliobaki hapa Kifanya, na ninyi mliopanda magari kwenda Njombe mjini na Makambako kutafuta riziki, mkaacha nyumbani mbwa, paka au ng'ombe mliyemlea tangu mdogo. Jambo ninalotaka kulisema, wazee wengi wa rika langu hulikwepa. Mtoto akilia kwa sababu mbwa wake anaumwa, huambiwa anyamaze, mbwa ni mbwa. Kijana akiomba ruhusa kazini ampeleke paka kwa daktari, huonekana hana shughuli. Basi anayempenda mnyama huugulia moyoni peke yake, na mnyama naye huugulia bandani peke yake, na hali wangeweza kufaana.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia katika kazi ya mifugo, nikipita kijiji hadi kijiji na mkoba wa sindano. Nikiitwa, niliitwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, maana huku kwetu yeye ndiye anayelipa ada ya shule. Lakini mara nyingi, nikishamaliza na ng'ombe na kunawa mikono, mtoto wa nyumba ile alinifuata hadi penye uzio akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shikamoo bwana mifugo. Na mbwa wetu je?" Watoto wale sasa ni watu wazima. Nasaha hizi ni zao na za wanaowafuata.

Wapo watakaowaambia kwamba kumhuzunikia mnyama ni mambo ya kuiga kwa Wazungu. Msikubali. Mnaokwenda kanisani mmesikia habari za nabii Nathani alipotumwa kumkemea mfalme Daudi. Hakuanza na sheria. Alimsimulia habari za maskini mmoja aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, aliyekula naye chakula kimoja, akanywa alichokunywa, akalala amemkumbatia, hata akawa ni mtoto wa nyumbani. Tajiri mmoja akamchukua, akamchinjia mgeni. Daudi alikuwa mtu wa vita, mikono yake ilijua damu, lakini hasira yake iliwaka palepale. Hakuuliza inakuwaje mtu ampende kondoo kiasi kile. Alikuwa mchungaji ujanani mwake, alijua. Na ndugu zetu Waislamu wanayo hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kwa hiyo atakayekucheka, mwache acheke. Una mashahidi wazito kumliko.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, maana kumpenda mgonjwa ni kazi.

Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapo mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na kwa pua yake akagundua mabomu ya ardhini 71 pamoja na mabaki mengine mengi ya vita ambayo hayakuwa yamelipuka. Septemba 2020 shirika la Uingereza la kutibu wanyama, PDSA, lilimpa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021 kwa uzee, akafa Januari 2022. Waliomtunza walipotangaza kifo chake walisema kwamba sehemu kubwa ya juma lake la mwisho alicheza kwa furaha yake ya kawaida, kisha kuelekea mwishoni akaanza kupoa, akalala zaidi ya alivyozoea, na hamu ya chakula ikapungua.

Mimi maneno yale yalinigusa sana, kwa sababu ndivyo anavyosema mtu aliyekuwa akitazama kweli. Ili ujue mnyama amelala kuliko kawaida, lazima uwe unaijua kawaida yake. Mnyama hatakwambia kinachomuuma. Mbwa huficha maumivu. Hutikisa mkia hata akiwa taabani, ukadhani amepata nafuu. Mgonjwa asiyeweza kusema anahitaji macho yako kabla ya machozi yako. Ukilikosa hili, hayo mengine yote nitakayosema hayatakusaidia.

Mtazame kila siku, kwa saa ileile, na kwa mikono. Inua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba uone fizi. Za mbwa mzima zina rangi ya waridi na unyevunyevu. Kama ni mbwa mwenye fizi nyeusi, vuta kope la chini la jicho utazame ndani. Bonyeza fizi kidogo igeuke nyeupe, kisha achia: rangi inapaswa kuwa imerudi kabla hujamaliza kutamka jina la kata yetu mara mbili. Fizi zikiwa nyeupe muda wote, damu imepungua, na huku kwetu mara nyingi kupe ndio walioleta maradhi. Zikiwa za manjano, au mkojo ukiwa wa kahawia, usingoje kesho. Bana ngozi ya juu ya mabega uiachie. Ikichelewa kulala mahali pake, maji yamepungua mwilini. Akiwa usingizini, tazama mbavu zikipanda na kushuka, hesabu kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Pumzi zikizidi 30 siku baada ya siku ilhali amelala na ametulia, moyo au mapafu yanalemewa. Usimpime homa kwa kiganja, maana joto la mbwa mzima hukaribia nyuzi 39, na mkono wako utakwambia ana homa wakati hana.

Uzito nao useme. Kwenye mizani ya kupimia viazi, panda ukiwa umembeba, kisha panda mwenyewe, utoe. Mnyama anayepungua kila juma huku unasema "anakula kidogo kidogo" hali chakula cha kumtosha.

Haya yote yaandike kwenye daftari la shule la kawaida: tarehe, amekula kiasi gani, amekunywa, ametapika, choo kikoje, ametembea mwenyewe au ameinuliwa. Daktari atamwona kwa muda mfupi, tena akiwa mahali pageni, ameogopa, moyo unamwenda mbio. Wewe unaishi naye. Nimewaona madaktari wazuri wakibadilisha dawa kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa na binti wa kidato cha pili.

Ninyi mlioko Makambako, mlioacha mbwa kwa mama, nawaomba mbadilishe namna ya kuuliza. Ukipiga simu ukasema "Anaendeleaje?", mama atakwambia anaendelea vizuri, kwa kuwa hataki uache kazi ukapanda gari usiku. Muulize, "Mama, amekula nini tangu asubuhi? Amekwenda mwenyewe hadi kwenye maji? Usiku alilia?" Mwombe mdogo wako apige picha ya video akitembea, aitume. Maswali ya namna hiyo yana majibu, na majibu ndiyo yatakayokwambia kama safari ni ya leo au inaweza kungoja Jumamosi.

Tena, mnyama asiwe mgonjwa wa mtu mmoja. Kwenye mashamba yetu ya mahindi, nguruwe pori wakianza kushuka tunagawana zamu za kulinda, na asiye na zamu hulala usingizi wake bila kuona haya. Kuuguza nako kuwe hivyo. Mmoja ampe dawa ya alfajiri kabla ya kwenda shamba, mwingine ya jioni akitoka shule, wa tatu asafishe alipolala. Andikeni majina. Kijana anayekesha peke yake usiku kucha juma zima, kisha akaendesha bodaboda asubuhi na usingizi machoni, anahatarisha roho mbili au tatu kwa ajili ya moja. Na kama una mtihani, fanya mtihani wako. Mnyama hapungukiwi na upendo kwa saa tatu ulizokaa darasani ikiwa kuna mtu wa zamu.

Kazini useme mapema, useme kwa ufupi. Yupo kijana mmoja wa hapa kwetu, fundi wa pikipiki, ambaye mbwa wake aliota uvimbe unaovuja damu sehemu za siri. Alimfungia nyuma ya nyumba kwa muda mrefu kwa sababu ya aibu, maana watu walicheka, wakasema mbwa ana ugonjwa wa zinaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliponiletea nilimweleza kwamba huo ni uvimbe wa saratani unaohama kutoka mbwa hadi mbwa wakati wa kupandana, na kwamba katika saratani zote za mbwa huu ni miongoni mwa zinazotibika vizuri. Hutibiwa kwa vinkristini, dawa ileile wanayopewa watu wenye saratani, sindano moja kwa juma, kwa majuma kadhaa. Lakini lazima iingie kwenye mshipa na daktari wa mifugo mwenyewe ndiye aidunge, kwa sababu ikimwagika nje ya mshipa huunguza nyama. Na siku zinazofuata mkojo na choo cha mbwa huyo vishikwe kwa glavu, mama mjamzito asivisogelee kabisa.

Kijana yule alifanya jambo moja la busara. Alikwenda kwa mwenye gereji kabla matibabu hayajaanza, akamwambia: nina mgonjwa, ni mbwa, nahitaji asubuhi moja kila juma, nami nitafidia jioni. Hakusingizia bibi amefariki wala kichwa kinauma. Mwenye gereji alimtazama kidogo, akakubali. Basi ukawa ndio utaratibu wao: mbwa anawekwa kwenye tenga la nyanya lililotandikwa gunia, tenga linafungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, rafiki yake anakaa nyuma akiwa amelishika, wanakwenda Njombe polepole kwa barabara ya Songea, na saa sita fundi yuko kazini mikono imejaa grisi. Uvimbe ulianza kunywea mapema, ukaendelea kupungua hadi ukaisha.

Sikwambii kwamba kila ugonjwa utaisha hivyo. Nakwambia utaratibu ule ulimwokoa fundi mwenyewe pia, kwa sababu kila juma alijua atakachofanya, na siku zilizobaki aliweza kushika spana bila kichwa kuwa nyuma ya nyumba.

Fedha sasa. Watu huona haya kutaja fedha mbele ya mgonjwa, na matokeo yake hukopa usiku kwa riba, wakaja kumchukia mnyama waliyempenda. Kaeni chini wenye nyumba mkiwa watulivu, siku ambayo mnyama yuko na nafuu, mkubaliane mnaweza kutoa kiasi gani bila kugusa fedha ya mbegu, ya mbolea na ya ada. Mtajieni daktari kiasi hicho waziwazi. Mwulizeni ugonjwa ni nini au anaudhania nini, kinachowezekana ni nini, kitagharimu kiasi gani hadi mwisho na si leo tu, na nini kitatokea msipofanya. Daktari mzuri hatakasirika. Akijua uwezo wenu ataweza kuchagua kipimo kimoja cha maana badala ya vitatu vya kubahatisha. Kuwa na mpaka wa fedha si ukatili. Maskini wa Nathani naye alikuwa na watoto wa kulisha.

Katika kubana matumizi, jambo moja msilifanye kamwe: kumpa mnyama dawa ya watu au dawa ya ng'ombe kwa kukadiria. Paracetamol, ambayo mtoto hunywa na kulala salama, humuua paka. Hata sehemu ya kidonge inaweza kumtosha, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe ni sumu kwa paka, na mnyama anayejilamba huimeza yote mliyompaka. Na ile dawa ya sindano ya unga wa njano unaochanganywa na maji, ambayo wafugaji wote mnaijua, humtibu mbwa baadhi ya magonjwa ya kupe, lakini kwa mbwa tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo sana, na ukikizidisha huathiri ubongo. Kwenye duka la dawa za mifugo msiseme tu "nipe dawa ya homa". Semeni ni mbwa, ana uzito gani, amepewa nini jana.

Upendo wenyewe una mpaka mmoja ambao lazima niutaje kwa ukali. Mbwa akibadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mnyonge wa ajabu, sauti ikawa si yake, mate yakamtoka, akashindwa kumeza, msidhani ana mfupa kooni. Msitie mkono mdomoni mwake. Huenda ni kichaa cha mbwa, na kikishajitokeza hakina dawa kwa mbwa wala kwa mtu. Mfungieni mahali pa peke yake bila kumshika, mwiteni afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa, au aliyepata mate kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akachanjwe. Asipitie kwanza kwa mganga, wala asingoje kuona mbwa atafanyaje. Ugonjwa huu unaweza kukatika: wenzetu wa kisiwa cha Pemba waliukata kwa kuchanja mbwa wao kwa wingi. Siku ya chanjo ikitangazwa kwenye mkutano wa kijiji, mpelekeni mbwa wenu hata kama ni siku ya kuvuna viazi.

Nirudi kwa mgonjwa aliyelala. Baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Mnyama mgonjwa mara nyingi hawezi kujitengenezea joto la kutosha, na aliyekonda hana akiba. Msimwache kwenye saruji wala kwenye udongo mtupu. Mtandikieni majani makavu ya mahindi, juu yake gunia, juu yake kitambaa kinachofulika, karibu na jiko lakini mbali na moshi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitenge, ikiwekwa mgongoni, humpa usingizi. Asiyeweza kusimama ageuzwe upande baada ya saa chache, mchana na usiku, la sivyo mifupa ya nyonga itatoboa ngozi, na kidonda cha kulala ni kigumu kupona kuliko ugonjwa uliomlaza. Chakula kiwe cha uvuguvugu, maana harufu ndiyo inayomwamshia hamu: mchuzi wa dagaa usio na chumvi wala kitunguu, kidogo, mara nyingi. Akikataa, mpake kidogo kwenye mdomo, uone kama ataulamba. Msimlazimishe kwa kumbinya taya akiwa amelegea. Kitaingia mapafuni.

Na watoto wa nyumbani waambieni ukweli. Msiseme "amesafiri" wala "ameibiwa". Mtoto aliyedanganywa atamtafuta kando ya barabara kwa miezi. Mwambie: mbwa wetu Simba anaumwa sana, daktari anajaribu, huenda asipone, unataka leo umpe maji wewe? Mpe kazi ndogo ya kweli, aifanye.

Kuna wakati macho yataona kile moyo hautaki. Hapo ndipo wengi huuliza: nitajuaje?

Kule Ol Pejeta, Laikipia nchini Kenya, aliishi faru aliyeitwa Sudan, dume wa mwisho wa faru weupe wa kaskazini. Aliletwa kutoka bustani ya wanyama ya Ucheki mwaka 2009, akalindwa na walinzi usiku na mchana. Alifika miaka 45, mzee sana kwa faru. Misuli na mifupa ikachoka, vidonda vikaenea kwenye ngozi, na mwishowe akashindwa kusimama. Tarehe 19 Machi 2018, madaktari wa Ol Pejeta, wa Shirika la Wanyamapori la Kenya na wa bustani alikotoka walikubaliana kumpumzisha. Mpiga picha Ami Vitale alimpiga picha mlinzi Joseph Wachira akiwa ameinama, ameegemeza kichwa chake kwenye kichwa cha mzee yule. Picha hiyo ilizunguka dunia.

Fikirini uzito wa uamuzi ule. Hakukuwa na dume mwingine. Dunia nzima ilimtaka Sudan aendelee kupumua, na sababu zote za watu zilikuwa upande wa kumweka hai hata kwa siku moja zaidi. Lakini swali lililoamua lilikuwa lake yeye: anaumia kiasi gani, na je, yapo matumaini ya kupungua? Ikiwa kwa dume wa mwisho wa aina yake waliweza kuweka haja zao kando, sisi nasi tunaweza kuziweka kando kwa ajili ya mbwa wa nyumbani.

Fungueni daftari. Hesabuni siku za majuma mawili yaliyopita: ngapi alikula kwa hiari, ngapi alisimama mwenyewe, ngapi aliinua kichwa mliposhika kitasa cha mlango. Siku mbaya zikiwa nyingi kuliko njema, na daktari akawa hana jipya la kujaribu, mmeshajua. Mwombeni daktari ampumzishe kwa sindano. Humlaza kwanza usingizi mzito, kisha moyo husimama, naye hajui. Msimpe sumu. Msimpige rungu. Msimpeleke kwenye msitu wa misonobari mkamwacha huko, kama wafanyavyo watu wasiotaka kuona. Mbwa aliyeachwa hufa kwa njaa na baridi akingoja sauti yenu. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, nayo inamtaka mwenye mnyama asimwache ateseke bila sababu. Hata isingekuwepo, aliyemlea ndiye mwenye jukumu.

Kama unaweza, uwepo. Mshike mwenyewe, umwite kwa jina lake kwa sauti uliyozoea kumwitia. Kama huwezi, usijilaumu. Aingie mwingine anayemjua, asiachwe na wageni watupu.

Mzikeni kwa kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima na vijito, kwa sababu mabonde yetu ndiyo yanayotupa maji. Aliyepumzishwa kwa sindano asifukiwe juujuu. Dawa hubaki mwilini, na mbwa wa jirani akimfukua akamla anaweza kufa pia.

Kesho yake utaamka saa uliyozoea kumpa dawa, na hakutakuwa na dawa ya kutoa. Hiyo ndiyo saa ngumu, jiandaeni nayo. Nenda kazini ukiweza, lakini mtu akikuuliza kwa nini umenyong'onyea, mwambie mbwa wangu amekufa, bila kushusha sauti. Mtashangaa ni wangapi watakaowaambia habari za mbwa wao waliozikwa miaka mingi iliyopita, ambazo hawajawahi kumsimulia mtu. Wanyama waliobaki nao waangalieni. Kule Gombe, Kigoma, sokwe mzee Flo alipokufa mwaka 1972, mwanawe Flint, aliyekuwa na miaka minane na tena bado akimtegemea, alikataa kula, akakonda na kufa kabla ya mwezi kwisha. Jane Goodall, aliyewafuatilia kwa miaka, alishuhudia. Mbwa wa pili wa nyumba akikaa penye sahani ya mwenzake bila kula, msimfukuze. Kaeni naye, mtembezeni kwa njia mpya, mpimeni uzito.

Mtoto mwingine wa mbwa msiharakishe kumleta, hasa kama aliyekufa alikuwa mchanga na alihara damu. Ugonjwa wa parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na atakayefuata ataukuta. Choma malazi, osha sahani, mnyororo na sakafu kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Atakayekuja achanjwe parvo kabla hajaanza kuzurura na mbwa wa kijiji, na chanjo ya kichaa aipate akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kadi yake ya chanjo iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo mama anajua.

Mwenye mgonjwa sasa hivi, hata kama ni usiku, apige simu kwa afisa mifugo wa kata kwanza. Anayetaka kuzungumza tu, mimi nipo nyumbani jioni baada ya kukamua.